Sina Swali, Nina Mchango

Mtu akishika maiki kwenye kongamano la elimu ya watoto wenye usonji, akaanza na "mimi kwa kweli sina swali, nina mchango", najua tumekwisha. Mchango huo utaanzia utotoni kwake Songea, upitie kwa mjomba aliyekuwa "hivyo hivyo, lakini hesabu alikuwa balaa", uishie kwenye kuwashukuru waandaaji kwa chakula ambacho hata hakijaiva. Na MC, ambaye punde tu alitukumbusha kwamba muda si rafiki yetu, atakuwa anaitikia kwa kichwa mwanzo hadi mwisho kwa sababu mchangiaji ni diwani mstaafu.

Mimi ni mama wa mtoto mwenye usonji, kwa hiyo makongamano haya nayajua. Msimu wake ni Aprili, kwa kuwa tarehe 2 ndiyo siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 ili watu waamshwe kuhusu usonji. Tunapewa fulana za buluu, zote saizi ya mlinzi. Itifaki inazingatiwa na kila anayesimama, japo wa kwanza alishaizingatia kwa niaba ya wote. Mgeni rasmi anachelewa, mada zinasogezwa, na kipindi cha maswali, ambacho kwenye ratiba kilikuwa saa nzima, kinabaki robo saa. Robo hiyo ndiyo inayoniuma, maana ndiyo niliyoijia. Slaidi ningeweza kutumiwa nikazisoma nyumbani nimekunja miguu.

Halafu tunaambiwa "tuchukue maswali matatu matatu". Aliyebuni utaratibu huu, nina hakika, alikuwa mtoa mada asiyekuwa na majibu. Yakishafika matatu, lile jepesi litajibiwa kwa mapana na marefu, la pili litaguswaguswa, na la tatu, ambalo ndilo lenyewe, utasikia "nadhani hilo nimelijibu humo humo".

Na hata hiyo robo, tunaitumiaje? Kila kongamano lina baba wake mmoja atakayeuliza kama tatizo si akina mama wa siku hizi, maana wapo kwenye simu tu. Anauliza na ya kwake inaita mfukoni. Ndugu yangu, swali lako limenizidi umri. Daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 wenye usonji huko Marekani mwaka 1943, tayari alikuwa ameanza kuwatupia wazazi jicho. Bruno Bettelheim wa Chicago akaja kulipamba jambo hilo kwa kitabu kizima mwaka 1967: ubaridi wa mama ndio unaomfungia mtoto. Aliyaandika hayo wakati Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto wa aina hiyo nyumbani kwake, alishachapisha hoja za kuyapinga tangu 1964. Leo hii bado tunayapokea kwa makofi ukumbini, na mimi nimekaa pale na ubaridi wangu wote.

Baba akikaa, anasimama dada mwenye ujumbe wa WhatsApp kuhusu chanjo. Utafiti ulioleta taharuki hiyo ulikuwa wa watoto 12, ukachapishwa Uingereza mwaka 1998. Jarida lenyewe liliuondoa mwaka 2010, na daktari aliyeuongoza akafutwa kwenye daftari la madaktari. Mtoa mada hana budi kuyaeleza upya, na nusu ya robo yetu imekwenda. Wanaouliza chanzo siwalaumu sana, hasa mzazi aliyeambiwa habari za mwanawe juzi juzi. Huyo hata usiku halali. Ninachosema ni kwamba hata akipewa jibu kamili, Jumatatu asubuhi mtoto bado atazivua soksi kwa sababu mshono wa vidoleni unamtesa, na gari la shule limeshapiga honi.

Wakubwa wao huuliza: "Serikali ina mkakati gani?" Jibu: mchakato unaendelea. Aliyeuliza ameridhika, aliyejibu ameridhika, wanapeana mikono wakati wa chai. Wakati sheria ya watu wenye ulemavu tunayo tangu 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ukiwa na ibara ya 24 inayotaka mwanafunzi afanyiwe marekebisho kulingana na mahitaji yake yeye. Afisa hatoki jasho kwa kuulizwa mkakati. Muulize hivi: shuleni kwetu, yule mwalimu mmoja wa kitengo aliyesomea elimu maalumu akienda likizo ya uzazi, watoto wanabaki na nani? Hapo utamwona akiifungua chupa ya maji.

Mimi nina swali langu ninalotembea nalo. Mtoto asiyesema, akibanwa darasani, anamwambiaje mwalimu kwamba anataka kwenda chooni? Niliwahi kumuuliza mtaalamu aliyekuwa ametueleza mawasiliano mbadala kwa slaidi nyingi zenye mishale. Ukumbi ukacheka. Mtaalamu akatabasamu, MC akasema swali zuri, litajibiwa wakati wa chai. Wakati wa chai mtaalamu alikuwa na sambusa mbili na mgeni rasmi, kwa hiyo sikumpata.

Aliyenifuata alikuwa mwalimu wa kitengo, mwanamke wa makamo, kiti cha nyuma kabisa, ambako maiki haifiki. "Mama, njoo nikuonyeshe." Akatoa kwenye mkoba kamba ya kitambulisho iliyoning'inizwa picha ndogo ndogo, zimegandishwa kwenye maboksi ya sabuni na kuzungushiwa selotepu. Kikombe. Mpira. Mlango wa darasa. Ya choo ilikuwa imechakaa kuliko zote. Akanisimulia kwamba ya kwanza aliitoa kwenye intaneti: choo cheupe cha kukalia, kina mfuniko. Mtoto akaitazama, akaisukuma, akajikojolea pale pale. Choo cha shule yao ni cha kuchuchumaa, chenye mlango wa kijani wa bati. Mwalimu akaenda na simu yake, akakipiga picha kile kile, na mlango wake, na ndoo yake. Mtoto sasa anaichomoa mwenyewe na kumtia mkononi.

Nikamuuliza kwa nini hakuinua mkono ukumbini. Akasema alikuwa na swali tangu asubuhi. Mfumo huu wa kubadilishana picha, ambao Andy Bondy na Lori Frost waliuanzisha Delaware mwaka 1985, mwanzoni unataka watu wazima wawili: mmoja mbele ya mtoto wa kupokea picha, mwingine nyuma yake wa kumwongoza mkono bila kusema neno. "Mimi niko peke yangu darasani. Huyo wa nyuma ni nani?"

Jamani! Swali hilo lilikaa mkobani kutwa nzima huku sisi tukisimuliwa habari za mjomba wa Songea. Lingemlazimisha mtaalamu afunge kompyuta na kufikiri. Angeweza kusema mzazi aje asubuhi, au msaidizi alipwe na kamati ya shule, au hata akiri kwamba kwa darasa la namna hiyo njia itafutwe nyingine. Lolote kati ya hayo lingeandikika daftarini. Mwenyewe alishajitafutia jibu: humwita mama anayepika uji, kabla hajawasha moto. Wa nyuma ni mama wa uji. Hilo halimo kwenye slaidi yoyote, na mama wa uji hakualikwa, wala posho yake haipo.

Kuna mwingine ambaye hualikwa na haulizwi kitu. Siku hiyo alikuwepo kijana mwenye usonji, ameletwa ili aonyeshe michoro yake. Alisimama pembeni ya meza kuu, viganja vimebana masikio kwa sababu spika ilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Watu walikuwa wanamuuliza mama yake: anapenda kula nini, analala saa ngapi, huwa anakasirika? Kijana mwenyewe yupo, anasikia, na anasema Kiswahili kizuri kuliko cha diwani. Hakuna aliyemuuliza kama ile spika isogezwe.

Baada ya makofi MC akamnyooshea maiki, nadhani akitegemea shukrani. Kijana akaitazama ratiba iliyobandikwa ukutani.

"Pale pameandikwa chakula saa saba. Sasa ni saa saba na dakika arobaini. Chakula ni saa ngapi?"

"Muda si mrefu," MC akajibu kwa bashasha.

"Dakika ngapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa walimu wa vitengo kule nyuma. Wao waligeuka kumtazama MC, wakisubiri ataje.