Mchai wa Mama Mkwe

Ukinunua nyumba London kwa pesa za watu kama sisi, jua halimo kwenye bei. Bustani yetu inatazama kaskazini, na mwanga kidogo unaobaki unamalizwa na ukuta wa jirani. Nyanya ziligoma, mchicha ukarefuka shingo. Ndipo muuza miche akanishauri nipande kamelia: kichaka kinachostahimili kivuli na kuchanua maua ya waridi mwezi Machi, watu wangali na makoti.

Alichonificha ni madeko yake. Kamelia haitaki chokaa, na maji ya bomba ya London yamejaa chokaa. Usiniamini mimi, chungulia ndani ya birika la umeme. Kwa hiyo inakaa kwenye chungu chenye udongo wa tindikali na kunywa maji ya mvua. Mwishoni mwa kiangazi ndipo inapotunga matumba ya mwakani, na ikipata kiu wakati huo huyapukutisha. Basi katika mji ambao kila mtu anailaani mvua, mimi nilitoka mbio na mabeseni kuikinga, mume wangu akivuta pazia ili majirani wasijue tunaishi pamoja.

Septemba matumba yakawa yamenenepa, naye mama mkwe akafika kutoka Tukuyu. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya chai ya Rungwe. Akasimama mbele ya chungu, akafikicha jani, akalinusa.

“Mwanangu, huu si mchai?”

Hakuwa mbali. Chai tunayokunywa ni Camellia sinensis, na kamelia zote zinabeba jina la Georg Joseph Kamel, Mjesuiti aliyekuwa mfamasia Manila. Nikamjibu kwa adabu, “Ni ndugu yake, mama.” Lakini kwa watu wa kwetu ndugu ni ndugu, hakuna wa kambo.

Jioni niliporudi kutoka kazini niliukuta mchai wake umekatwa usawa wa kiuno, juu bapa kama meza. “Mlishauacha unakuwa mti,” alinieleza kwa huruma. “Mchai usipokatwa hauchumiki.” Kanga yake ilikuwa imetandazwa juu ya radieta, majani yakinyauka taratibu, na kila ncha aliyoichuma ina majani mawili na tumba langu katikati. Usiku akayaponda kwa kisukumio cha chapati, akayafunika kitambaa kibichi mpaka yakawa kahawia, kisha akayakausha kwenye ovena. Kazi yote ya kiwandani, hakuruka hatua. Mume wangu alikumbuka ghafla kuwa ana simu ya kupiga chumbani.

Mkwe hakemewi. Nikachemsha, nikaweka tangawizi, nikaongeza na iliki. Rangi ilikubali, ladha ikakataa kabisa. Mama mkwe akaonja, akaweka kikombe chini, akatoa hukumu: “Tatizo ni hiki kivuli. Uhamishieni juani.”

Machi ikapita bila ua hata moja. Kichaka kilingoja mpaka Mei, kikachipua kwa fujo, majani mapya yanang’aa. Wiki hiyohiyo simu ikaita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mchai wangu umechipua?”

“Umechipua, mama.”

“Basi mtu asiuguse. Viza ikitoka tu nakuja kuchuma.”