Sifa za Beringi Iliyokufa

Songwe tuna chuma maarufu, Kimondo cha Mbozi, kinachokadiriwa kuwa na tani zisizopungua 12. Wageni hukizunguka, hukipapasa, hupiga nacho picha. Sawa. Lakini kimondo hakijawahi kumwonya dereva hata siku moja. Chuma ninachokisifu mimi kinaenea kiganjani na hakinyamazi: beringi ya tairi iliyokufa.

Tazama uungwana wake. Haikushtukizi. Ukitoka Mbeya inaanza kuvuma taratibu. Ukiongeza mwendo, nayo inapandisha sauti. Ukikata kona ya kulia, ile ya kushoto inalia zaidi, kwa kuwa uzito umeihamia. Yaani inakuonyesha hadi upande ilipo! Dereva wetu naye anaongeza sauti ya redio. Anaumaliza mlima Senjele, anasimama Mlowo, anagusa habu na kuruka akipuliza vidole. "Imepata moto kidogo tu," anamwambia utingo. Grisi, wakati huo, inachuruzika kwenye rimu.

Na ukarimu je? Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo yakipita Tunduma, na yale yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, beringi moja ikigoma inalisha fundi, muuza vipuri, kijana wa jeki na mama ntilie aliye jirani. Beringi nzima haijawahi kumnunulia mtu chai.

Fundi analishika tairi juu na chini, analitikisa, linacheza. Anachomoa kotapini, anafungua nati, habu inatoka. Beringi ikishaoshwa kwa dizeli ndipo unapoona utumishi wake: roli zimechimbika, nyingine zimegeuka bluu kwa joto, na bado ilikuwa inabeba mzigo. Hapo dereva anaomba abadilishiwe beringi tu, kikombe, ile pete ya nje ambamo roli huzunguka, kibaki kile kile, abane matumizi. Fundi anajua kikombe kilichochimbika kitaitafuna beringi mpya. Fundi mwaminifu anakataa. Yule mwingine anakubali haraka, kwa sababu mteja huyo atarudi. Wote wawili wana haki ya kuishukuru beringi.

Inawafunza adabu hata wanaojiona na nguvu. Nati hukazwa huku tairi likizungushwa, kisha hulegezwa kidogo. Anayeikaza kwa misuli anaiunguza beringi mpya kabla haijafika Vwawa.

Sifa iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba haibembelezeki. Mwenye gari utampa ahadi, trafiki utamwomba msamaha, ila beringi iliyopuuzwa siku yake ikifika inang'oa tairi, na tairi linalipita gari lake mwenyewe likielekea mashamba ya kahawa.

Kwa hiyo, ndugu dereva, ukiisikia inavuma zima redio uisikilize, kisha uende gereji. Nunua beringi na kikombe chake, na sili mpya pia. Sili ya zamani ikishatolewa hairudishwi.