Mawese Yameganda, na Miye Vilevile

Jirani, sogea kidogo, na miye nipate moto wa mbabula. Miye mtoto wa Walikale. Kwetu pori, joto, jasho, shati la nini? Nikafuata bibi huku Masisi, kwenye vilima vinavyopita mita 2000. Niliona ng'ombe wanakula majani mabichi, nikasema hapa ni raha tupu. Kumbe ng'ombe ana ngozi nene, ndugu yangu!

Septemba mvua ikakaza. Wazungu kwao wanangoja theluji ndipo watetemeke. Miye mvua tu inanimaliza, na ikweta iko hapo tu! Nilibeba bidoni ya mawese toka kwetu. Asubuhi bibi anaiinamisha, hakitoki kitu. Nikaapa nimeibiwa, muuzaji ametia nta. Nikaipiga bidoni makofi. Bibi akaisogeza kando ya mbabula, mafuta yakaanza kushuka polepole. "Baba watoto, ni baridi. Yameganda kama weye." Watoto wakalidaka neno hilo. Leo mtaa mzima naitwa Papa Mawese.

Bon. Nikatafuta starehe ya jioni. Tukijaliwa usiku mtulivu, nafungua Radio Okapi, ile iliyoanza 2002. Mawe ya radio yamechoka. Kwetu unayaanika juani, yanafufuka. Huku jua liko wapi? Nikayapanga kando ya mbabula, si mawese yalikubali? Moja likavuja kwenye blanketi la mama mkwe.

Nikahamia fromaji. Masisi bila fromaji ni Masisi gani? Nikakata kipande kinene, nikakichomeka kwenye kijiti kama nyama ya pori. Kikanukia, jirani, mate yakanijaa! Kikalegea. Nikasema bado, kiive. Kikalegea tena, kikajivuta kama makamasi ya mtoto, kikadondoka chote kwenye makala. Moshi nyumba nzima. Mama mkwe akakohoa. Akaniangalia, akaangalia kijiti kitupu, akanyamaza. Afadhali angenitukana. Kitinda mimba wangu akanihurumia, akanipa kipande chake, upande mmoja ameshaulamba. Nikala. Kitamu ajabu.

Sasa jioni nakaa hapa na kitenge cha bibi mabegani, mikono juu ya makala, wanakijiji wakipita wananisalimu "Shikamoo mama" kwa makusudi. Naitikia. Nikiutoa mkono kuwafukuza utapoa.

Mwenye koti asilolivaa anikumbuke, jamani. Hata la kike, Papa Mawese atalivaa.