Wastani wa Mwaka Haukohoi

Anayetaka kusifu hewa ya shamba huenda akautaja mji wowote mdogo wa wakulima mkoani Poltava, Ukraine: udongo mweusi, alizeti, ngano, wala hakuna kiwanda kinachofuka. Mazungumzo haya yanafanyika katika mji wa aina hiyo, mwezi wa Aprili, Korongo akiwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Afrika kwenye kiota chake juu ya dohani ya kiwanda kilichokufa zamani. Wasemaji ni wa kubuni. Moshi si wa kubuni.

KORONGO: Shikamoo, Mzee Dohani.

DOHANI: Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unakohoa hata hujatua? Bila shaka ni viwavijeshi ulivyokula Tanzania. Hewa yetu ni safi. Mimi mwenyewe nimestaafu, sivuti tena, na yule Kihisi waliyembandika dirishani pa shule ametoa wastani mzuri wa mwaka mzima. Mjini walipitisha waraka wa kujipongeza.

KIHISI: Wamesoma namba moja wakaziruka nyingine zote, Mzee. Tuseme miezi 11 hewa ina maikrogramu 4 za chembe laini kwa kila mita ya ujazo, na mwezi mmoja ina 60. Wastani haufiki 9, watu wanapeana mikono. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka kiwango cha siku kisizidi 15, kwa hiyo mwezi mzima watoto wamevuta mara nne ya hapo. Wastani haukohoi, anayekohoa ni mtoto wa darasa la pili. Na mwezi kama huo haudondoki kutoka mbinguni. Machi na Aprili huchomwa majani makavu mabondeni. Septemba na Oktoba ni zamu ya mabua na majani ya miti, tena mabichi nusu, yanayofuka usiku kucha bila kuwaka. Januari, jamaa zako wadogo wa majumbani hutema moshi wa kuni na makaa ya mawe, na hewa baridi hulala chini ya hewa ya joto ikaufungia moshi huo barabarani. Ubaya wenye ratiba hauwezi kuitwa bahati mbaya.

DOHANI: Kijana, uliletwa juzi. Moto ni mbolea. Majivu hurutubisha shamba, wazee walijua hivyo.

NYUNGUNYUNGU (kutoka chini): Nani ametaja mbolea? Majivu huacha potasiamu kidogo, sikatai. Ila nitrojeni huenda zake na moshi, na mabua ambayo tungeyageuza udongo huishia kwenye mapafu ya jirani. Udongo mweusi ni mweusi kwa sababu ya mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Kuchoma mabua ili udongo upate rutuba ni kuuza ng'ombe ununue maziwa.

DOHANI: Basi na huyu Korongo aseme ukweli! Nyika ikiwaka, nani husimama pembeni akidaka panzi wanaokimbia moto?

KORONGO: Ni mimi, Mzee, na hushiba. Ila shibe yangu ya asubuhi moja si hoja. Kila moto una anayefaidika, na mara nyingi anayefaidika ana mabawa ya kuondokea. Mimi Agosti nishaenda zangu. Bibi wa nyumba ya tatu hana pa kwenda. Hufua shuka zikarudi na vidoa vyeusi kabla hazijakauka.

DOHANI: Na vita je? Tangu 2022 makombora yamechoma mashamba, umeme ukikatwa majenereta yananguruma. Katika hali hiyo mnahesabu moshi wa majani?

KIHISI: Hoja hiyo ina uzito. Kombora hatuwezi kulizuia kwa kikao cha mji. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuzuia kile tunachoweza: mapafu hayana chumba cha moshi wa adui na chumba cha moshi wa nyumbani. Tena wazima moto wana kazi nyingine siku hizi.

DOHANI: Sheria ipo. Aprili 2020, mwezi ambao moto uliwaka hadi eneo la Chornobyl na moshi ukafunika Kyiv, bunge lilipandisha faini. Raia hulipa hryvnia 3,060 hadi 6,120.

KIHISI: Faini humpata aliyeonekana na kiberiti mkononi, yaani bibi mwenye rundo la majani uani. Shamba la mamia ya hekta huwaka usiku, na asubuhi kila mtu anasema ni upepo. Faini pekee haitoshi mahali ambapo hakuna mashine ya kukatakata mabua wala pa kupeleka majani yakaoze. Baraza la mji likitaka kufanya kazi, litenge shimo la mboji na likodishe mashine hiyo kabla ya mavuno, na litangaze namba zangu za kila siku badala ya ule wastani. Majani makavu huanza kuchomwa Machi. Kikao kiitishwe Februari.