Barua Pepe na Pepo Wake

Jirani, ingia. Kaa hapo juu ya kreti, ni tupu. Leo sina haraka. Nani ananunua? Kila anayepita mbele ya butiki yangu anacheka kwanza, halafu anaomba sukari ya deni. Na mtu akishakucheka, unamnyimaje? Ataenda kusema umenuna.

Chanzo ni viazi. Msimu huu shamba lilinihurumia, nikavuna aina ya Kinigi mpaka nikakosa magunia. Udongo wetu wa Cyanzarwe ni wa volkano, una wema huo. Nyiragongo ikikasirika inakupasulia ukuta, wangu una ufa tangu ile Mei ya 2021, lakini ikitulia inakulisha. Basi nikasikia kuna mradi mjini Gisenyi unanunua mbegu za viazi kwa wakulima. Nikapiga simu. Dada wa mapokezi akanijibu kwa sauti ya redioni: tuma maombi kwa imeli, mwisho Ijumaa. Nikamwambia, dada, mimi niko hapa juu tu, nikipanda pikipiki, hizi tunazoziita moto, sijamaliza kukohoa vumbi nimeshafika mlangoni kwenu. Akasema hapana. Imeli. Akanitajia anwani mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na mvua. Nikaiandika kwenye daftari la madeni, chini ya deni la mwalimu.

Nikaenda kwa kijana wa fotokopi pale senta. Ana kompyuta mbili, moja imekufa, nyingine ina kibodi ya Kifaransa. Kuandikiwa ni franga mia mbili. Kujiandikia ni mia moja. Wewe unanijua. Nikasema najiandikia.

Eh, jirani! Saa nzima. A wameihamisha, M wameitupa pembeni, nukta haitoki mpaka uifinye na kitufe kingine. Binti yangu alikuwa ameshanifungulia anwani yangu mwenyewe kwenye simu yake, lakini kuiingiza pale inataka kile ki-a kilichozungukwa na mkia. Kijana anakiita “eti”. Eti nini? Eti tu. Kimejificha kwenye kitufe cha sifuri, na lazima ushikilie kitufe kingine kule chini, ndipo kinatoka. Nilipiga sifuri kumi na moja kabla hajanionea huruma. Mstari mzima wa wateja nyuma yangu, mtoto mmoja wa shule akanionyesha kwa kidole. Kwa kidole, jirani!

Kijana akasema huyo eti ana historia. Mwaka 1971 kulikuwa na Mmarekani, Ray Tomlinson, fundi wa kampuni ya BBN. Watu waliokuwa wakitumia kompyuta moja walikuwa tayari wanaachiana ujumbe humo humo, kama unavyoniachia ujumbe wa mke wako hapa kaunta. Yeye akataka utoke kompyuta moja uende nyingine kwa mtandao wa ARPANET. Akahitaji alama ya kutenganisha mtu na nyumba yake. Akachagua hiyo kwa sababu haimo kwenye jina la mtu yeyote. Kushoto mtu, kulia kwao. Na ujumbe wa kwanza aliutuma wapi? Kwenye mashine iliyokuwa ubavuni mwa ile ya kwanza. Chumba kimoja! Nikasema huyo lazima ni ndugu wa dada wa mapokezi. Mtu yuko ubavuni mwako, unamwandikia.

Basi. Kijana akasoma anwani kwenye daftari langu, akakunja uso. “Muzee, una hakika? Eti haimo.” Nikamwambia eti ni kazi yako, iweke panapofaa, mimi nimeandika madeni ya watu miaka kumi na tisa, sijakosea hata herufi. Akaiweka. Akabonyeza.

Dakika moja, jibu limefika. Nilisimama. Ofisi gani inajibu kwa dakika moja? Limetoka kwa mtu anaitwa Mailer Daemon. Kiingereza tupu, kirefu, na mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye mfuko wa mbolea. Nikajua huyu ni muzungu, mkurugenzi wa mradi. Sikumuuliza kijana. Ningemuuliza angedai mia nyingine. Nikaenda nyumbani, nikachukua simu ya binti, nikamjibu bosi kwa adabu: Mheshimiwa Daemon, nimepokea barua yako nzuri, viazi vipo, naomba tu unieleze bei.

Kimya.

Siku ya pili nikatuma maombi upya kwa ile anwani ya mradi. Dakika moja, Daemon huyo. Nikamjibu tena: Mheshimiwa, nashukuru kwa kunikumbuka, je, familia haijambo? Kimya. Yaani huyu mtu ukimwandikia yeye hajibu. Ukimwandikia mwingine, yeye ndiye anajibu. Barua ya tatu nikamweleza kuhusu ufa wa ukuta. Barua ya nne, sitaki kusema. Nilimwita baba.

Mama watoto ndiye aliyelisoma lile jina kwa sauti. Akaweka sahani chini. “Baba watoto, unamwandikia pepo?” Nikamwambia ndiyo, barua pepe. “Sisemi pepe. Nasema pepo! Demoni! Kwenye simu ya mtoto!” Usiku huo waimbaji watatu wa kanisa walikuja kuiombea simu. Chaji ikaisha katikati ya maombi, wakasema ametoka.

Alhamisi nikarudi kwa kijana, mdogo kama punje. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza, na nilimlipa mia tatu kwa kunieleza, kwa hiyo sikiliza vizuri, ni hela hiyo.

Daemon si mtu. Ni programu inayofanya kazi nyuma ya pazia bila kuonekana. Jina walilianzisha mafundi wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, wakimkumbuka pepo wa kubuni wa mwanafizikia Maxwell, yule anayekaa kwenye kimlango kidogo akitenga chembe za hewa zenye mbio na zenye uvivu. Huyu wa barua kazi yake ni kukurudishia iliyoshindikana. Na bahasha ya barua yake haina mtumaji, wameacha patupu makusudi. Kwa nini? Kwa sababu jibu lake nalo likishindikana likarudishwa, na lile la kurudisha likarudishwa, mashine mbili zitarudishiana mpaka kiama. Nikafikiria mimi na yule fundi seremala na deni la mlango. Nikaelewa kabisa.

Halafu akachana boksi la sabuni, akaanza kunichorea safari yenyewe. Ukibonyeza tuma, barua inakwenda kwa seva yako. Seva inatazama upande wa kulia wa eti, inauliza daftari la dunia, hiyo DNS, nyumba hii barua zake zinapokelewa wapi. Sisi Rwanda ukoo wetu humo ni .rw, tuliandikishwa 1996. Ikishapewa njia, inakwenda kubisha hodi. Na hapo, jirani, kuna mazungumzo kama ya mlangoni kwangu na kwako. Anayefungua anasema 220, yaani niko tayari. Mgeni anasema HELO. L moja! Wamebana matumizi, maana kila amri ni herufi nne. Anajibiwa 250. Anataja barua inatoka kwa nani: 250. Anataja inakwenda kwa nani: 250. Anaomba kumwaga maneno yenyewe: 354, mwaga. Akimaliza anaweka nukta, peke yake kwenye mstari wake: 250. Anaaga: 221.

Nikamshika mkono. “Simama hapo! 250 ni sisi!”

Mimi nauza yuniti, jirani. Namba za nchi nazijua kuliko majina ya shemeji zangu. 250 Rwanda. 243 Kongo, hiyo ndiyo imenimaliza, maana hapa kwetu simu ikigeukia mpaka inakamata mtandao wa ng'ambo na kula yuniti kama mbuzi shambani. Kijana akatazama kwenye simu yake. 220 ni Gambia. 354 ni Iceland. 221 ni Senegal. Nikamwambia unaona! Barua inaanzia Gambia, inakanyaga Rwanda mara tatu, inakwenda kumwagwa kwenye barafu, inarudi Rwanda, inaagana Dakar. Na sisi kwenda Goma tu, hapo ng'ambo, ni foleni mpakani Petite Barrière na karatasi mkononi!

Akasema imetokea tu, muzee. Sheria za lile hodi ziliandikwa 1982 na Mmarekani Jon Postel, hakuwa anawaza simu. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye maana. 2 ni ndiyo. 3 ni endelea. 4 ni rudi baadaye, na seva inarudi kweli, inajaribu hata siku kadhaa. 5 ni potea. Nikamwambia acha. Kila seva duniani ikitaka kusema sawa inasema Rwanda, hilo nitakwenda nalo kwenye kazi ya pamoja ya umuganda Jumamosi. “Na yangu ilipewa ngapi?” “550.” “Hiyo ni nchi gani?” “Si nchi, muzee.”

Nilijua.

Nikataka basi angalau niweke picha za viazi. Nilikuwa nimepiga kumi na nne. Akasema zina uzito wa megabaiti 20, hazipiti kwenye mlango wa 25. Nikamwambia 20 ni ndogo kuliko 25, hesabu hiyo hata mimi sikuikosa. Kumbe barua hizi zilizaliwa kubeba herufi tu. Picha lazima ivunjwevunjwe ivalishwe herufi, baiti tatu zinatoka herufi nne. Gunia la kilo 75 linafika getini kilo 100. Picha zangu zikawa karibu 27. Aliyefanikisha kuambatisha picha ni Nathaniel Borenstein na mwenzake Ned Freed, 1992, na huyo Borenstein picha aliyoituma ni yake mwenyewe na wenzake watatu waimbaji. Waimbaji tena! Nikaomba wasiletwe kwangu.

Nikalalamika kwamba siku nne zimepita. Akaniambia nisiwe mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na kompyuta hapa Afrika Mashariki zikipigiana simu, zinapakuliana fungu la barua, zinakata haraka kabla bili haijapanda. Na madaktari walikuwa na HealthNet ya shirika la SatelLife: kisatelaiti kinapita juu yao mara chache kwa siku, wanakirushia barua, kinazibeba tumboni, kikifika juu ya mwenye nazo kinazitema. Hicho nilikipenda. Kile ni mtu wa moto kabisa, kasoro kofia.

Ndipo akaomba aone tena daftari. Akasoma polepole. “Muzee, hii 40 ni ya nini?” Nikasema ni ya dada wa mapokezi, alisema mbegu, arobaini, kisha jina la mradi. Kijana akafumba macho. “Alisema *arobase*.” Arobase! Ndiyo ile eti, kwa Kifaransa! Dada amesoma Kifaransa, kijana amesoma Kiingereza, mimi sijasoma. Tumekutana watatu kwenye anwani moja.

Akafuta 40, akaipeleka barua pale pale. Haikurudi. Rwanda, Rwanda, Rwanda.

Wiki ikapita. Hakuna kitu. Nilianza hata kumkumbuka Daemon, angalau yeye alikuwa anajibu. Binti yangu ndiye aliyefungua kile chumba cha taka. Kumbe wauzaji wasioitwa walianza 1978, pale Gary Thuerk alipowatupia watu karibu mia nne tangazo moja la kompyuta za kampuni ya DEC, na baadaye mashine zikaanza kuchuja. Katikati ya wachawi wa mikopo na dawa za nguvu lilikuwa limelala jibu la mradi, siku tano. Linasema: tumepokea, tafadhali leta nakala iliyochapwa, ofisini, kwa mkono.

Kwa mkono, jirani.

Nikapanda moto. Nikakohoa vumbi. Nikafika. Dada wa sauti ya redio akainua macho, akasoma jina kwenye bahasha, akaweka kiganja mdomoni. Akaita wenzake wawili kutoka ndani. Ndipo nikajua kijana hakuandika barua upya. Alichukua ile ya mwisho, akaisukuma mbele jinsi ilivyo, na chini yake zote zimefuatana: bei, familia, ufa wa ukuta, baba.

“Karibu muzee,” dada akasema, machozi yanamtoka. “Kaa hapo usubiri. Mheshimiwa Daemon yuko mkutanoni.”