Goti Halitaki Kiti, Linataka Rumba

Waheshimiwa wenye magoti, mimi, Mtaalamu Mkuu wa Mwendo na Midundo (cheo nilichojitunuku baada ya kuchoka kuvisubiri vyuo vikuu), nawatangazia kwamba kiti ndicho kinachowamaliza. Mliambiwa magoti yamesagika, mkakaa. Mlipokaa yakakakamaa, na sasa mnakunywa maji ya bamia mkiamini ute wake utapita tumboni, ukate kona ya nyonga, ushukie gotini. Lakini gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa gotini, halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa maungio, unaoingia na kutoka kama maji kwenye dodoki, kwa kubanwa na kuachiwa, na kazi hiyo hufanywa na mguu unaotembea. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 439 wa magoti, wenye miaka 60 na zaidi, waliofuatiliwa miezi 18: waliotembea kwa mpango waliumwa kidogo kuliko waliopewa elimu ya afya tu. Nafuu yenyewe ilikuwa ya kiasi, hakuna aliyetupa mkongojo. Bamia nayo ilete majibu yake.

Kutembea kunachosha, na hapo ndipo hekima yangu inapohitajika. Utafiti wa muziki na mazoezi, alioufanya Costas Karageorghis kwa miaka mingi huko London, unaonyesha kuwa katika mazoezi ya wastani muziki humfanya mtu ahisi anajitaabisha kidogo kuliko hali halisi. Basi rumba ya Kongo ilitungwa kwa ajili ya goti, ingawa watunzi hawakuarifiwa. Nyimbo nyingi za Franco na bendi yake ya TPOK Jazz za miaka ya 1980 zinazidi dakika kumi: sauti zinaanza taratibu, goti linapata moto, gitaa likifungua sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, fupisha hatua, ziharakishe, usiruke.

Wabishi watasema muziki utamlevya mgonjwa atembee hadi aanguke. Hapana, unapunguza hisia ya uchovu, haukuchomi ganzi. Ndiyo maana kipimo ni idadi ya nyimbo, si raha. Maumivu yakizidi kawaida hadi asubuhi, punguza wimbo mmoja. Goti likivimba, likiwaka moto au kukwama, nenda kwa daktari, ambaye hata mimi humruhusu kuzungumza. Sikio moja liachwe wazi, maana bodaboda haifuati midundo. Limebaki pingamizi kwamba majirani watasema mzee anacheza barabarani. Hilo kamati yangu, yenye mjumbe mmoja, imelitupilia mbali kwa kauli moja.