Likizo Iliyolipiwa

Mswahili wa Houston akishalipia meli ya starehe inayotoka Galveston kwenda Cozumel, hujiona keshapumzika. Subiri afunge mizigo. Pasi ndani, birika la umeme ndani, maana watoto hawalali bila uji. Wakaguzi wa bandarini watavitoa kimoja kimoja, kwa adabu kabisa: moto baharini hauna pa kukimbilia, na chai ipo ghorofani bure.

Haya, tuje kwa kitinda mimba wa nepi. Kampuni nyingi hazimpokei mtoto asiyetimiza miezi 6, na kwa safari ya kuvuka Atlantiki humtaka atimize mwaka. Akipokelewa, bwawa kuu ataliangalia kwa macho tu. Mwenye nepi haingii humo, hata iwe nepi ya kuogelea. Klabu ya watoto kwa kawaida huanzia miaka 3, tena awe anajua kwenda chooni mwenyewe. Basi ule mpango wa “wao wacheze, sisi tulale” unamkuta baba koridoni, kambeba mtoto begani, muziki wa wasio na watoto ukimvumia kutoka juu.

Chakula, usiseme. Kamba, nyama choma, keki za kila rangi, asubuhi hadi usiku, vyote vimeshalipiwa. Mtoto ataomba chipsi kavu.

Picha zitakazofika kwa shangazi Tanga zitasema mmestarehe kweli kweli. Ziacheni ziseme, bado mna deni la kadi la kulipa.